Kumweleza daktari unavyoishi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima wa Dar es Salaam, hasa waliokulia kwenye mila za Pwani za mapishi na tiba, ambao wakikaa mbele ya daktari hujikuta wakijibu "kawaida tu" kwa kila wanachoulizwa. Jibu hilo linaumiza watu. Dozi hupangwa kwa kile ulichosema, na ulichoficha hakimo kwenye hesabu. Hapa "daktari" ni yeyote anayekuhudumia: tabibu, nesi wa kliniki au daktari bingwa. Maswali yana namba ili tuweze kukuelekeza kwingine bila kurudia.

## Kabla ya kuingia chumbani

1. Nimekuja na maumivu ya kichwa. Kwa nini naulizwa ninachokula na ninapolala?

Kwa sababu kichwa kinaweza kuwa kinatoka huko. Presha iliyopanda, pombe ya jana usiku, kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku wiki nzima, hata dawa za maumivu zenyewe: mtu anayemeza vidonge vya kichwa karibu kila siku huweza kupata kichwa kinacholetwa na vidonge hivyo. Ukipikia jiko la mkaa ndani na dirisha limefungwa, hewa ya kaboni monoksidi huleta kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na tiba yake ni kulitoa jiko nje. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kitakachomwambia daktari kwamba unapikia chumbani. Wewe ndiye utakayemwambia.

2. Mazungumzo haya nianzie wapi, zahanati au Muhimbili?

Anzia zahanati au kituo cha afya cha mtaani kwako. Presha, sukari, uzito, sigara na pombe vyote vinaanza kushughulikiwa hapo, na anayekuona mwezi huu ana nafasi kubwa ya kukuona tena mwezi ujao. Ikihitajika, utapewa rufaa kwenda hospitali za rufaa za mkoa (Amana, Temeke, Mwananyamala), kisha Muhimbili au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Anayeruka moja kwa moja kwenda juu mara nyingi hukutana na daktari mpya kila safari, na habari zake anaanza kuzisimulia upya.

3. Nibebe nini?

Daftari lako la matibabu la zamani hata kama limejaa, kadi ya kliniki, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake. Zote maana yake zote: za hospitali, za famasi, za duka la dawa muhimu, na zile za chupa ya maji iliyojazwa mizizi. Kusema "vidonge vyeupe vidogo" hakusaidii kitu, vidonge vyeupe vidogo ni vingi mno. Kama una mashine ya presha au sukari nyumbani, njoo na namba ulizoziandika pamoja na tarehe na saa, na mara moja moja njoo na mashine yenyewe ilinganishwe na ya kituo.

4. Foleni ni ndefu na dakika zangu ni chache. Nianze na nini?

Anza na jambo unaloliogopa zaidi. Watu wengi huanza na mafua, wakazungumza mafua, wakaandikiwa dawa ya mafua, halafu wakiwa wameshika kitasa ndipo wanasema: "Na kingine dokta, kifua kinabana nikipanda ngazi." Kifua ndicho kilichowaleta. Andika mambo mawili au matatu kwenye karatasi ukiwa kwenye foleni, na la kwanza liwe lile linalokunyima usingizi.

5. Anayenihudumia ana umri wa mwanangu. Nitamwambiaje mambo ya chumbani?

Mwache akuamkie, itikia, kisha mpe ruhusa kwa mdomo wako: "Marahaba mwanangu. Kuna jambo la kiutu uzima nataka kukuambia, usione haya." Yeye naye kalelewa kuwaheshimu wakubwa, na mara nyingi anayeogopa zaidi ni yeye. Kama bado ni vigumu, omba uhudumiwe na wa jinsia yako au mwenye umri mkubwa zaidi. Pengine hayupo siku hiyo, lakini kuomba ni haki yako na kusikuletee aibu.

6. Mlango uko wazi na watu wanaingia na kutoka. Nifanyeje?

Sema, kabla hujajibu swali lolote: "Naomba tufunge mlango kidogo." Kama kuna wanafunzi wa udaktari chumbani, una haki ya kuomba watoke wakati wa sehemu hiyo. Unachosema ni siri ya matibabu, na aliyekuhudumia haruhusiwi kumpelekea jirani wala mwajiri wako. Pazia peke yake halizuii sauti, kwa hiyo kama mlango haufungi, omba karatasi uandike.

## Chakula

7. Nikiulizwa "unakula nini" nijibu vipi?

Acha kuzungumzia kawaida yako, zungumzia jana. Anza na ulichoweka mdomoni ulipoamka, shuka nacho hadi ulipolala, pamoja na kahawa na kashata za kijiweni, karanga za kwenye daladala na ukoko uliokwangua jikoni. Taja kwa vipimo vya nyumbani: chapati mbili, upawa mmoja wa maharage, vikombe vitatu vya chai. Kama jana ilikuwa shughuli, sema ilikuwa shughuli na utaje juzi.

Wengi hukwama kwenye sinia. Mkila watu sita sinia moja hakuna anayejua kala kiasi gani. Hesabu basi kwa kilichoingia sufuriani: kilo moja ya mchele ikigawanywa kwa watu sita ni gramu 170 hivi za mchele mkavu kwa kila mmoja, na hapo daktari ana pa kuanzia. Mafuta nayo hivyo hivyo. Lita moja ikiisha kwa siku tano kwenye nyumba ya watu wanne, kila mtu anakunywa mililita 50 kwa siku, yaani vijiko vikubwa vitatu na zaidi, na hapo tui la nazi na vitumbua vya kununua havijahesabiwa. Mpikaji ndiye anayeyajua haya. Kama si wewe, muulize kabla hujatoka nyumbani, au njooni wote.

8. Chumvi naweka kidogo tu, mbona naambiwa nipunguze?

Kila mtu anaweka "kidogo". Fanya jaribio la pakiti. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Nyumba ya watu watano kwa kiwango hicho inatumia gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo inatakiwa idumu siku 20. Andika tarehe juu ya pakiti siku unayoifungua. Ikiisha siku ya kumi na mbili, mazungumzo yenu na daktari yamepata ukweli wa kuegemea.

Halafu ongeza zisizoonekana: viungo vya mchuzi vya pakiti na vidonge vya supu, chips za kibandani zilizonyunyiziwa mara mbili, mkate, na kwetu Pwani ng'onda na papa mkavu. Hatusemi uache ng'onda. Mloweke usiku kucha, mwaga maji, mwoshe, mloweke tena na umwage, kisha mpike bila kuongeza chumvi nyingine. Chumvi haitoki yote, ila sehemu kubwa inakwenda na maji. Mtu mwenye presha isiyoshuka na anayekula ng'onda mara nne kwa wiki aseme hivyo waziwazi, kabla hajaongezewa kidonge cha tatu.

9. Nina kisukari na nimeambiwa niache ugali na wali. Nitakula nini?

Rudi umuulize, kwa sababu ama hukuelewa ama hukuelezwa vizuri. Kinachotakiwa ni kupunguza wanga, na kuacha kabisa mtu wa hapa hawezi zaidi ya wiki moja. Gawanya sahani: nusu iwe mboga (mchicha, matembele, bamia, kabichi), robo iwe samaki, maharage, nyama au mayai, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, ndizi au muhogo. Ugali uwe kama ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona la ngumi tatu bado ni ngumi tatu.

Mwambie daktari pia unachoweza kununua. Ukiandikiwa chakula cha bei usiyoimudu, ukatikisa kichwa tu, umepoteza nauli. "Mfuko wangu unaruhusu mchicha na dagaa, nipangie kwa hivyo" ni sentensi nzuri sana, na dagaa na mchicha ni chakula kizuri.

10. Chai na juisi zinahesabiwa?

Ndiyo, na hapo ndipo sukari nyingi ya mjini inapopita. Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa vya chai vya sukari. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, ni kiasi kile kile. Juisi ya miwa nayo ni sukari, ndimu na tangawizi haviiondoi. Sema idadi ya vijiko, usiseme "yenye sukari kiasi".

Dafu lina mambo yake. Kwa mtu mzima mwenye afya halina neno, lakini lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha na moyo kama losartani au spironolaktoni, amtajie daktari anakunywa madafu mangapi kwa wiki.

11. Nakula pemba (udongo). Lazima niseme?

Sema, hata kama si mjamzito. Hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma cha kwenye chakula na cha kwenye vidonge visiingie mwilini. Ndiyo maana kuna kina mama wanaomeza vidonge vya damu miezi mitatu na damu haipandi. Pemba nyingine zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na udongo usiochomwa unaweza kubeba mayai ya minyoo. Taja vipande vingapi kwa siku na tangu lini. Chai kali pamoja na chakula nayo huzuia chuma, iache ikae saa moja mbali na mlo.

## Pombe, tumbaku na vinginevyo

12. Nikiulizwa pombe, nitaje vipi?

Taja aina, ukubwa wa chupa na idadi kwa siku unazokunywa, kisha siku ngapi kwa wiki. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za kilevi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina gramu 55, karibu bia tatu. Mtu anayesema "mimi bia sigusi, nakunywa kale kachupa tu" amekunywa kuliko mwenye bia mbili.

Mnazi haupimiki hivyo. Ule uliogemwa alfajiri ni mwepesi, ule wa jioni umeshachacha na una nguvu zaidi, kwa hiyo taja saa unayokunywa na idadi ya vikombe au lita. Gongo ni haramu kisheria, lakini daktari si polisi, na anatakiwa ajue: nguvu yake haijulikani, na ikiwa na methanoli inaweza kupofusha au kuua. Ukiona ukungu machoni baada ya kunywa gongo, usisubiri kesho.

Shirika la Afya Duniani halitaji kiwango chochote cha pombe kuwa salama. Hata hivyo, anayeshuka kutoka bia sita hadi mbili amefanya kazi kubwa na inafaa kumwambia daktari.

13. Nakunywa kila siku na nimeamua kuacha kesho. Nimwambie daktari kwanza?

Ndiyo, kwanza. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote ya ukurasa huu. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka, kutoka jasho na moyo kwenda mbio ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo, na ndugu wakadhani ni majini. Hali hiyo inaua, na hospitalini ina dawa.

Dalili za kumjulisha daktari ni hizi: unatetemeka asubuhi mpaka unywe, uliwahi kuanguka degedege ulipoacha, au unaanza kunywa tangu asubuhi. Ukiwa na mojawapo, uachaji wako upangwe na hospitali. Ukiwa huna na unywaji wako ni wa wikiendi, unaweza kuacha leo.

14. Sigara nanunua moja moja. Nitajuaje idadi?

Chukua pesa unayotumia kwa siku, gawanya kwa bei ya sigara moja. Kisha taja miaka. Sigara 10 kwa siku kwa miaka 20 ni sawa na pakiti ya 20 kila siku kwa miaka 10, na hesabu hiyo ndiyo daktari anayoitaka akipima hatari ya mapafu na moyo. Ugoro na kuberi pia vina nikotini na vinahusishwa na saratani ya kinywa, kwa hiyo onyesha sehemu ya fizi unapouweka, akukague. Kidonda au doa jeupe lisilopona kwa wiki mbili halipaswi kusubiri kliniki ijayo.

15. Bangi, mirungi, unga: nikisema nitakamatwa?

Jibu la siri ni lile la swali la 6. Daktari anahitaji kujua kwa sababu mirungi hupandisha presha na kufukuza usingizi, na anayetumia heroini anaweza kupewa dawa za maumivu au ganzi zisizolingana na mwili wake. Tiba ya methadoni, ya kumsaidia mtu aache heroini, ipo Dar es Salaam: ilianza Muhimbili mwaka 2011, baadaye Mwananyamala na Temeke, na haina malipo.

## Mwili, kazi na presha

16. Nabeba mizigo Kariakoo kutwa nzima. Hayo si mazoezi?

Ni mazoezi kwa misuli, na yahesabiwe. Kipimo cha kawaida ni dakika 150 kwa wiki za kazi inayofanya pumzi ikaze lakini bado unaweza kuongea. Aliyekaa dukani kwa muda wa saa kumi anazihitaji zote. Kushuka kituo kimoja kabla na kutembea haraka dakika 25 kwa siku sita kunatosha. Mbeba mizigo azungumzie mgongo, maji anayokunywa juani na dawa za maumivu anazomeza jioni. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na huchosha figo, hasa mwili ukiwa umekauka maji.

17. Presha yangu hupanda nikifika hospitali tu. Nitaaminiwa?

Ipo hali hiyo, lakini ithibitishwe kwa namba. Kabla ya kupimwa: kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, na nusu saa bila kahawa, sigara wala kukimbilia gari. Mkanda uwekwe kwenye ngozi, usiwe juu ya sweta. Usiongee wakati unapimwa. Aliyepanda ngazi akapimwa amesimama mapokezini ameandikiwa namba isiyo yake, na unaweza kuomba upimwe tena.

Pima nyumbani au famasi asubuhi na jioni kwa wiki moja, uandike. Hospitalini mpaka ni 140/90 kwa siku tofauti, nyumbani ni 135/85. Ikiwa 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja, kushindwa kuongea au kuona vibaya, nenda dharura papo hapo.

## Tiba za asili

18. Nikisema natumia miti shamba nitagombezwa?

Wapo wanaogombeza, na wanakosea. Tiba asili inatambuliwa nchini kwa sheria ya mwaka 2002, ina baraza lake, na Muhimbili imekuwa ikizitafiti dawa hizi tangu 1974, kazi inayoendelea leo chini ya Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mazungumzo mazuri huwa hivi:

"Shikamoo bibi. Mbali na vidonge hivi, kuna kingine unatumia?"
"Marahaba. Nachemsha mwarobaini."
"Majani au magome?"
"Majani, konzi moja, sufuria ndogo. Nakunywa kikombe asubuhi na jioni."
"Tangu lini bibi?"
"Tangu mwezi ulioandamana, sukari ilipopanda."

Mti, sehemu ya mti, kiasi, mara ngapi, tangu lini, kwa ajili gani. Ukiyasema hayo sita bila kuulizwa, umemaliza. Kama hujui mti kwa sababu umepewa unga, lete unga na jina la aliyekupa.

19. Zipi zinagongana na dawa za hospitali?

Mwarobaini unaweza kushusha sukari. Ukiutumia pamoja na dawa za kisukari kama glibenklamidi au insulini, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Hapo koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, pima baada ya dakika 15, kisha kula. Mlonge nao uangaliwe kwa wenye sukari na presha.

Mshubiri wa kunywa huharisha na kupoteza potasiamu, na anayetumia dawa ya presha ya kukojoza anaipoteza mara mbili, mpaka moyo unaweza kupiga vibaya. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina shida. Punje nyingi mbichi kila siku kwa anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) huongeza hatari ya kutoka damu. Ukitarajia upasuaji, zitaje zote angalau wiki mbili kabla.

Angalia sana unga wa "asili" unaotibu papo hapo. Bidhaa za nguvu za kiume zimewahi kukutwa na sildenafili (dawa ya hospitali ya nguvu za kiume) ndani, ambayo ikikutana na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha presha kwa hatari. Zile za maumivu ya viungo zimewahi kukutwa na steroidi (dawa kali za kupunguza uvimbe), na ukizitumia muda mrefu kisha ukaacha ghafla unaweza kuzimia. Dawa ya majani hufanya kazi taratibu. Ikimaliza maumivu ya miaka mitano kwa nusu saa, mpelekee daktari pakiti.

20. Na chale, hijama, kombe?

Chale na hijama zitajwe kwa sababu ya wembe. Kama wembe haukuwa mpya, omba kipimo cha virusi vya Ukimwi na cha homa ya ini B. Kama ilikuwa ndani ya saa 72 zilizopita, nenda leo hii, kwani kuna dawa ya kuzuia Ukimwi yenye kikomo hicho. Mwenye upungufu wa damu au anayetumia warfarini asifanye hijama ya kutoa damu. Kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, halina neno na vidonge vyako. Hakikisha tu maji ni safi na hukuacha dozi kwa sababu yake.

21. Nilikunywa dawa ya kuongeza uchungu kabla ya kwenda kujifungua.

Mwambie mkunga mara unapofika, pamoja na saa uliyokunywa. Uchungu mkali mno unaweza kumchosha mtoto au kupasua mfuko wa uzazi, na mkunga asiyejua anaweza kukuongezea dripu ya uchungu juu yake. Hata kama aliyekupa ni mama mkwe na amekaa nje, sema.

## Yanayokwama mdomoni

22. Nguvu zimepungua. Niseme kwa maneno gani?

"Tangu nianze dawa hizi, unyumba umekuwa mgumu." Inatosha, daktari ataelewa. Kisukari na presha vyenyewe huharibu mishipa ya huko, sigara pia, na baadhi ya dawa, kama bendrofluazaidi na atenololi, huchangia. Zipo nyingine za kubadilishia. Wanaume wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hii na kurudi na kiharusi. Tunaomba sana usiwe mmoja wao. Kina mama nao: ukavu, maumivu na kukosa hamu vina tiba, vitajwe.

23. Niliacha vidonge vya presha. Si bora ninyamaze?

Ukinyamaza, daktari ataona namba ziko juu na kudhani dozi haitoshi, ataongeza. Siku utakayoamua kumeza zote, presha itaporomoka na utaanguka bafuni. Taja siku ulizokosa ndani ya wiki mbili zilizopita, na sababu: pesa ziliisha, miguu ilivimba (amlodipini hufanya hivyo), safari za msalani zilizidi kwenye daladala, au ulijisikia umepona. Kila sababu ina jibu lake. Dawa ya kukojoza, kwa mfano, inaweza kuhamishiwa saa uliyorudi nyumbani.

24. Nataka kufunga Ramadhani na nina kisukari.

Nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla, usiende siku ya kuamkia mfungo. Anayetumia insulini mara nyingi kwa siku, mwenye figo mbovu, mjamzito, au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka hivi karibuni hushauriwa asifunge, na Kurani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa (Al-Baqarah 184–185). Wengine hupangiwa upya: dozi kubwa huhamia futari, ndogo hubaki daku. Usijipangie mwenyewe.

Kujipima kidoleni hakufunguzi, kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (kwa kipimo cha mmol/L), fungua hapo hapo hata kama adhana ya magharibi iko karibu. Kwenye futari, mihogo, magimbi, viazi vitamu na tambi vyote ni wanga: chagua kimoja, si vyote vinne. Tende moja hadi tatu. Kalimati za shira ziwaachie watoto.

25. Nilijibiwa vibaya. Nirudi?

Rudi, lakini sema. Muombe nesi kiongozi au mganga mfawidhi wa kituo, taja siku, saa na chumba, na kilichosemwa. Kuna sanduku la maoni pia, ila mganga mfawidhi hujibu haraka zaidi. Unaweza kuomba mhudumu mwingine bila kuhama kituo.

26. Nampeleka mama yangu mzee. Nani aongee?

Mama aanze. Mtoto anayejibu kwa niaba huwa anasema "anakula vizuri, analala vizuri," wakati mama anaamka mara tano usiku kwenda msalani na hajamwambia mtu. Wewe jaza mapengo: majina ya dawa, tarehe, kuanguka uliyoiona. Katikati ya mazungumzo toka nje dakika chache bila kuombwa, maana kuvuja mkojo, huzuni na kutendewa vibaya nyumbani havisemwi mbele ya mtoto. Urudi wakati wa maelekezo ya dawa. Kabla hamjanyanyuka, mwombe mama mwenyewe amweleze daktari atakavyomeza vidonge: kipi asubuhi, kipi usiku, na kipi aache. Akikosea, arekebishwe hapo hapo, na uandike kwenye daftari lake kwa herufi kubwa anazoziona bila miwani.